Mfano Lazima Uwe na Msemaji

4 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku mimi ni mzima na Baba ni nusu mzima, maana upande wake wa kulia umekufa ganzi vilevile kama ulivyomwacha Desemba. Nesi anayepita kila Jumatatu anasema tusikate tamaa. Huwa anasema hivyo akiwa ameshafunga mkoba wake.

Nakuandikia kwa jambo moja. Unakumbuka tulipomtoa hospitali hakuwa na neno hata moja, halafu likamrudi lile moja? Bado analo hilohilo. "Take." Si Kiswahili, si jina langu, si jina la marehemu Mama. Miaka yote ile ya kufundisha Kiingereza, maneno yote aliyotutandika nayo, kiharusi kimemwachia hilo tu. Ukimpa chai, take. Ukimgeuza ubavu, take. Mtu akibisha hodi, take. Nadhani ni lile la darasani. Kaeni chini, toeni vitabu, andikeni haya, kwa Kiingereza amri zake zote zilianza na hilo. Hata nyumbani hakutuambia "kaa" kama baba za watu.

Sasa sikiliza. Kile kiwanda cha sare nilichokiandikia mwaka jana kimejibu. Wanataka mkataji. Si mshonaji, mkataji, yaani meza ndefu na mkasi wa umeme, nguo nyingi zinakatwa kwa mpigo mmoja. Ni mbali, na mkataba ni wa mwaka, ukifanya vizuri unaongezwa. Chumba wanatoa wao. Jibu wanalitaka kabla ya katikati ya Machi. Hapa barazani cherehani imeota vumbi. Wateja wakija wanamsikia Baba anakoroma ndani, wanasema watapita kesho, na hiyo kesho yao naijua.

Nimemwuliza Baba. Nimemwekea barua ya kiwanda mbele ya macho, nikamwambia, Baba, nikienda utakaa na Dada, unaniruhusu? Akasema take.

Wewe ndiye mtu wa kamusi. Uliniambia mwaka huu mmefika herufi T, kwa hiyo neno la Baba liko mezani kwako. Niambie, hiyo ni ruhusa au si ruhusa? Kama ni ruhusa itabidi uje wewe, maana hakuna mwingine. Shangazi miguu inamsumbua.

Mdogo wako,
Kitinda


13 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua yako ilinikuta ofisini. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea na kadi ya kamusi niliyokuwa nayo mkononi. Nakuambia usije ukadhani nilifanya kingine. Tangu Desemba silii, sikasiriki, sioni njaa mpaka mtu anikumbushe. Wenzangu wananipa pole nami naipokea kama mzigo wa jirani, nauweka pembeni mpaka mwenyewe aje kuuchukua.

Hicho kitenzi kilinichosha kabla hujaniandikia. Nina sanduku zima la kadi zake. Mwanafunzi anafundishwa kuwa maana yake ni "chukua", basi anafunga daftari, anajua amemaliza. Lakini Mwingereza akimeza dawa anatumia hicho. Akipanda basi, hicho. Akifanya mtihani, hicho. Akipiga picha, hicho. Safari ikila muda, hicho. Akivumilia matusi, hicho. Mtoto akifanana na babaye, hicho tena, na kijineno kimoja nyuma yake. Sisi tuna kitenzi kwa kila shughuli. Wao wana kimoja wanachokituma kila mahali kama mtoto wa kambo.

Kwa hiyo neno peke yake haliniambii kitu. Mhariri Mkuu wetu ana sheria moja, na hataki mchezo nayo: mfano lazima uwe na msemaji. Hakuna kutunga. Kila sentensi tunayoichapa iwe imetoka kinywani mwa mtu au mkononi mwake, na kwenye kadi tuseme ni nani, alimwambia nani, alikuwa anafanya nini. Kadi isiyo na msemaji inakwenda kwenye ndoo. Nimewahi kumwona akitupa sentensi nzuri kabisa kwa sababu aliyeileta alikiri kuwa ilimjia akiwa anaoga.

Nifanyie hivyohivyo. Baba akisema, andika alikuwa anatazama wapi, mkono wake wa kushoto ulifanya nini, sauti ilipanda au ilishuka. Nikiona mifano kadhaa nitaweza kusema kitu.

Kuhusu kuja, sijasema siji.

Dada yako


20 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Haya, fundi cherehani amekuwa karani wako, na kalamu ni ileile ya kuandikia vipimo vya suruali za watu.

Asubuhi moja nilimpelekea vidonge vyake. Akavitazama, akasema take kwa sauti ya kushuka, kama mtu anayesema yaishe, halafu akafungua kinywa mwenyewe. Hapo nadhani ni kumeza. Siku nyingine nesi alikuwa anatusimulia jinsi mumewe anavyomsema mbele ya watu. Baba akamtazama kwa huruma, akasema take taratibu mno. Hapo si ndiyo kuvumilia? Nesi mwenyewe alielewa, akafuta macho. Halafu niliteremsha picha ya Mama nipanguse vumbi, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema take kwa sauti ya kupanda. Nikampa, akakaa nayo kifuani mpaka usingizi ukamchukua. Nashangaa anavyolipatia kila mara.

La mwisho ndilo lenye kazi. Jana nilimrudia tena na barua ya kiwanda. Nilisema kila kitu polepole, nikamwekea kifuani. Aliiangalia, akaisukuma kwa mkono wake mzima mpaka ikanigusa tumboni, akasema take. Hakusema kwa ukali. Alisema kama alivyokuwa akimrudishia mwanafunzi karatasi ya mtihani aliyofaulu.

Siongezi chumvi, Dada. Umetaka msemaji, huyo hapo. Wewe niambie tu.

Kitinda


25 Februari

Kwa Mhariri Mkuu,

Naomba ruhusa ya kuondoka ofisini kwa muda ambao siwezi kuutaja mwisho wake. Baba yangu anaugua, na mdogo wangu anayemtunza amepata kazi mbali.

Naomba pia niende na sanduku la "take". Nimeambatanisha kadi nne. Msemaji ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyepigwa na kiharusi, na hilo ndilo neno pekee alilobaki nalo. Tazama anavyolitumia kwa dawa, kwa subira, kwa picha, kwa ruhusa. Katika kazi yetu yote sijakutana na mtu ambaye kitenzi kimoja kinambebea maisha yake namna hii. Nikikaa karibu naye tutapata kitu ambacho kamusi nyingine haina.

Naona nimeandika hayo vizuri kuliko nilivyoandika kuhusu ugonjwa wake. Niwie radhi.

Bibi T


1 Machi

Bibi T,

Ruhusa umepata. Hilo jina ulilosaini umepewa na wale vijana wa herufi S na sikujua kama umelikubali.

Sanduku nenda nalo, lakini lisikae karibu na maji wala karibu na watoto wa mtu. Kadi nne nimezisoma. Ni nzuri mno. Kwa desturi yangu nikiona kadi nzuri mno naishika kwenye mwanga, lakini hizi zimetoka kwa mdogo wako na ameandika kila kitu tulichomwomba, basi nimezipitisha.

Mwuguze mzee. Kitenzi kitangoja.

Mhariri Mkuu


2 Machi

Kitinda,

Nimezitazama zote. Ile ya barua ya kiwanda haina utata. Maana yake ni "chukua", na maana yake ni kwamba Baba amekubali.

Wajibu ndiyo. Nakuja Ijumaa ijayo na sanduku langu moja la nguo na jingine la kazi.

Dada yako


19 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Nilifika salama. Siku ile tulipishana kama watu wa zamu, wewe unaingia na vumbi la safari, mimi natoka na sanduku. Nilikuonyesha tu dawa zilipo na namna ya kumgeuza, na Baba alikuwa amefumba macho muda wote. Hata chai hatukunywa pamoja. Imenikaa moyoni.

Kazi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Kitambaa kinatandazwa tabaka juu ya tabaka mpaka kimo cha kiganja, kiolezo kinawekwa juu, halafu unapitisha mkasi wa umeme. Ukikosea mstari hujaharibu suruali moja, umeharibu za shule nzima. Mkono wa kushoto tunavaa glavu ya chuma ili tusijikate. Jioni nikiivua vidole vinakuwa si vyangu kwa muda. Chumbani nakaa na mzee mmoja anayeshughulika na vifungo, naye tunamwita Vifungo, hana neno na mtu.

Baba anaendeleaje? Anakula? Vidonda vya mgongo havijaanza? Mgeuze hata kama hataki. Kuhusu lile neno sikuulizi. Utaniambia mwenyewe ukiwa tayari, na utakaloniambia nitalipokea.

Kitinda


28 Machi

Kwa Mhariri Mkuu,

Sina kadi ya kukuletea. Msemaji hajasema neno tangu nilipoingia humu ndani.

Siku za mwanzo nilidhani ni uchovu. Nikajaribu yote yaliyomo kwenye zile kadi nne. Nimempa vidonge nikasubiri. Nimemletea picha ya mama yetu nikaishika mbele yake mpaka mkono ukauma. Ameitazama kama anavyotazama ukuta. Nesi nilipomwuliza kuhusu mumewe aliniambia kwa upole kwamba hajaolewa. Nikaona nimechanganya mambo, nikaacha.

Ninachoamini ni hiki. Alikuwa analisema neno lile kwa mwanawe. Mwanawe ameondoka, nalo limeondoka. Na aliyesema aende ni mimi. Nilikaa kwenye meza yangu, mbali kabisa, nikatoa maana ya neno la mtu nisiyemwona usoni, nikaiandikia barua ya mistari mitatu.

Namwosha, namlisha, namgeuza. Mikono inafanya kazi yake, mimi niko nje ya dirisha naitazama. Mdogo wangu ameuliza habari, tena ameuliza kwa woga. Nikimwambia ukweli atarudi kabla wino haujakauka, na kazi ile haitamngoja. Sijui nimwandikie nini.

Bibi T


6 Aprili

Bibi T,

Nina kitu kimoja tu ninachokijua duniani nacho ni kadi. Kadi zile nne ziko salama kwa sababu zilikuwa na msemaji siku zilipoandikwa. Akinyamaza leo hazifutiki.

Kuhusu mdogo wako, sheria yangu ni ya ofisini na sijawahi kuivusha mlango wa nyumba yangu, mke wangu atakuthibitishia. Hukuniomba ushauri. Lakini ungeniomba ningesema mwambie.

Kula. Niliambiwa na wale vijana kwamba huwa unasahau.

Mhariri Mkuu


8 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Baba anaendelea vizuri. Mgongo hauna kidonda, supu anaimaliza, na Shangazi alijikongoja mpaka hapa, akakaa naye, akalalamika miguu.

Na neno lake bado analo, ondoa wasiwasi. Juzi mvua ilianza kunyesha, mimi nimesimama mlangoni nashangaa, akasema take, akaonyesha nguo zilizoanikwa uani. Nikatoka mbio nikazianua. Jana nilimnyoa, nilipomaliza nikamshikia kioo, akajitazama, akasema take kama mtu anayesema haya, imekubalika. Unavyoona hajabadilika. Hakukasirika kwamba umeondoka. Fanya kazi yako kwa moyo mkunjufu.

Dada yako


9 Aprili

Kwa Mhariri Mkuu,

Nimemwandikia mdogo wangu mifano miwili ya kutunga. Haina msemaji. Mvua ilinyesha kweli, na nguo nilizianua, lakini hakuna aliyeniambia. Nakuarifu ili ikitokea siku moja akakuandikia, usiitafute kwenye sanduku.

Haikuwa ngumu. Baada ya miaka mingi ya kuokota sentensi za watu nimegundua najua kuzitengeneza.

Bibi T


22 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikampa Vifungo anisomee, nikaisoma tena.

Una hakika alisema? Yaani sauti ilitoka kabisa, au ni midomo tu? Uliisikia ukiwa chumbani au ukiwa uani? Niambie anasema saa ngapi hasa, na akisema anakutazama usoni au anatazama kwingine. Ni maswali tu. Wewe ndiye uliyenizoesha.

Nimefurahi. Kwa kweli nimefurahi. Mwambie Baba nimefurahi.

Kitinda


5 Mei

Kitinda,

Marahaba. Sauti inatoka kabisa, hata jirani anaisikia. Hasemi ovyo, anasema asubuhi nikishamkalisha kwenye mito, na ananitazama usoni. Wiki hii amezidi. Redio ilikuwa inatangaza habari za shule kufunguliwa, akasema take mara tatu mfululizo, halafu akacheka. Kile kicheko chake cha puani, cha kumkamata mtoto akinakili kwa mwenzake. Nami nikacheka. Tulikaa hivyo, watu wawili wazima tunachekea redio.

Kwa hiyo huna haja ya kuwa roho juu. Mzee yupo, anasema, anacheka. Likizo ukipata utakuja kumwona, atakuambia mwenyewe.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo.

Kuna jambo lazima nikuambie, na nikishaliandika sitalisoma tena, nitaitia barua bahashani.

Baba alilisema neno lile wiki za mwanzo tu, baada ya hospitali. Mwaka ulipoanza alikuwa ameshanyamaza. Siku niliyokuandikia kuhusu kazi hakuwa amesema kitu kwa muda mrefu. Nilimwekea barua ya kiwanda mbele ya macho, hilo ni kweli, na nilimwomba ruhusa, hilo pia ni kweli. Alinitazama tu. Vidonge, picha ya Mama, nesi na mumewe, yote nilitunga nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Huyo mume wa nesi hata sijui kama yupo.

Januari nilikuandikia kwamba nimechoka, uje walau kwa siku chache. Ulinijibu pole. Ilikuwa barua nzuri, haikuwa na kosa hata moja. Nikajua Dada haji kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya Baba haji. Lakini kwa ajili ya neno atakuja. Basi nikaliweka neno mdomoni mwa Baba, na ulikuja. Nilikaa huku nikingoja barua ya matusi. Nilijua ukifika utaona hasemi, utanijua mimi ni mwongo, utaniandikia, nami nilishajiandaa.

Badala yake unaniambia anasema. Anasema asubuhi, anakutazama usoni, anacheka.

Nilimfuta mate. Nililala sakafuni karibu na kitanda chake ili akikohoa nisikie. Nilimwongelesha mpaka koo likakauka, habari za wateja, za mpira, za Mama, na alininyamazia kama mtu ninayemkera. Wewe umekaa naye kidogo tu akafungua kinywa. Sikuonei wivu. Nimeelewa tu kwamba alikuwa amenichoka. Pengine hata zamani, si leo.

Wameniongezea mkataba miaka mitatu na nimesaini. Likizo siji. Sitaki nije halafu anione, anyamaze tena.

Usidhani nalia. Nakata vitambaa, nakula, nalala. Vifungo anasema nimekuwa kama ile glavu.

Nisalimie Baba, kama utaona hatachukia.

Kitinda


2 Juni

Kitinda, mdogo wangu,

Hajasema.

Nimeliandika peke yake juu ili ulisome kabla hujafika kwenye maneno yangu mengine, maana sasa unajua maneno yangu yalivyo. Tangu nilipoweka sanduku langu sakafuni mpaka asubuhi hii Baba hajasema neno hata moja. Hakuonyesha nguo uani. Hakuridhika na kioo. Redio ilitangaza habari za shule, nami nilikuwa peke yangu nikiisikiliza, na hakuna aliyecheka. Yote nilitunga kwenye meza ya jikoni, kwa uangalifu uleule ninaoutumia kazini, na ndiyo maana uliamini.

Nilidhani amenyamaza kwa sababu umeondoka. Nilidhani mimi ndiye niliyekufukuza kwa kutoa maana ya neno, na kwamba ukijua utaacha kazi urudi. Nikakuandikia uongo ili ukae kwa amani. Sikujua kwamba unasoma habari za baba anayeongea na kila mtu isipokuwa wewe. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa chini jikoni nikalia, mara ya kwanza tangu Desemba, na sikulia vizuri. Nililia kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa.

Hakukuchoka. Hakukunyamazia wewe akaja kunisemesha mimi. Amenyamaza kwetu sote, na kwa nesi, na kwa Shangazi, kwa sababu kitu kimekatika kichwani mwake. Daktari nilimwita wiki jana nikamwuliza waziwazi, akanieleza waziwazi kwamba yawezekana neno lile halikuwa hata neno, ilikuwa sauti tu iliyobaki njiani. Mimi na wewe tumelivisha maana kama mwanasesere, kila mmoja nguo aliyoitaka.

Uliyosema kuhusu Januari ni kweli. Barua ile niliiandika upya mara mbili ili iwe nzuri. Uliniomba nije nikakutumia pole iliyonyooshwa kwa pasi. Sina la kujitetea. Nilikuwa siwezi kuhisi kitu, lakini miguu yangu ilikuwa mizima, ningeweza kuja bila kuhisi. Nisamehe.

Kazi usiache. Umesaini, na mikono yako inaijua. Mimi nakaa hapa. Nimemwandikia Mhariri Mkuu azitoe kadi zile nne kwenye sanduku, naye amejibu kwa mstari mmoja kwamba ameshazitoa na kwamba mdogo wangu ana kipaji. Nimemwachia hivyohivyo, sijui kama ni sifa.

Jana mchana nilimkalisha Baba kwenye mito nikamsomea barua yako yote, bila kuruka. Mume wa nesi, sakafu, Januari, miaka mitatu, yote. Alikuwa ametazama dirishani. Nilipofika pale ulipoandika kwamba alikuwa amekuchoka, aliinua mkono wake wa kushoto akauweka juu ya karatasi, juu ya maandishi yako, hata sikuweza kuendelea kusoma. Aliuacha hapo. Nilimwambia, Baba, nimalizie? Hakuuondoa.

Mimi nimekaa na maana za watu maisha yangu yote, na hii sitaigusa. Huenda alikuwa anafukuza nzi. Nakuambia tu kwamba mkono uliinuka, na kwamba nilikuwepo nikauona. Njoo likizo, ukae na mkono huo mwenyewe.

Dada yako